Kutoka Ujazo hadi Uzito: Kupima Vimiminika Jikoni

Somo kwa kaya zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani

Kaya nyingi za Waswahili na jamaa zao wa bara walioko Marekani hupika kwa vipimo visivyosikilizana. Mkononi mwa mpishi umo upawa, kikombe cha chai, na jicho lililoizoea sufuria tangu utotoni. Juu ya jokofu imebandikwa karatasi iliyotoka kliniki, nayo husema kwa gramu: gramu kadhaa za mafuta kwa siku, gramu kadhaa za wanga kwa kila mlo. Chupa iliyonunuliwa dukani huja na lugha ya tatu, ile iliyoandikwa FL OZ. Mpishi anayejaribu kuzipatanisha lugha hizi peke yake huishia katika mojawapo ya njia mbili. Ama huiacha karatasi ibaki pambo la jokofu, ama huamini kwamba mililita na gramu ni kitu kimoja, akapima kwa imani hiyo. Njia ya pili ni afadhali kuliko ya kwanza, na kwa vimiminika kadhaa ni sahihi kabisa. Hata hivyo ina mitego yake, na mmojawapo unaweza kumfikisha mgonjwa wa kisukari hospitalini.

Ujazo na uzito

Ujazo ni nafasi ambayo kitu huichukua ndani ya chombo. Uzito ni kile kinachosomwa kwenye mizani. Tofauti hii si ngeni kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Pishi, yenye vibaba vinne, ni kipimo cha ujazo, na pishi ya mchele hailingani kwa uzito na pishi ya tende. Ndiyo maana kila Ramadhani inapokaribia kwisha, Zaka ya Fitri ikitajwa kwa pishi na mchele ukiuzwa kwa kilo, huzuka swali la pishi moja ni kilo ngapi, na jibu hubadilika kwa kadiri ya chakula kinachopimwa. Vimiminika navyo hufuata kanuni hiyo hiyo.

Maji ndiyo mizani ya vyote. Mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja, na jambo hilo halikutokea kwa bahati: Wafaransa walipoiweka gramu katika sheria mwaka 1795, waliifasili kwa uzito wa sentimita moja ya ujazo ya maji baridi. Kwa hiyo mililita 240 za maji ni gramu 240, na lita moja ni kilo moja. Chai ya rangi, supu nyepesi na mchuzi usio na mafuta mengi hufuata maji kwa karibu sana, hata mpishi hana haja ya hesabu nyingine.

Mafuta ni mepesi kuliko maji. Kila mpishi ameyaona yakielea juu ya mchuzi, na huo ndio ushahidi wenyewe. Asali ni nzito kuliko maji, nayo huzama chini ya bilauri kabla ya kukorogwa. Ili kupata uzito, ujazo huzidishwa kwa namba ya kimiminika kinachohusika. Namba zifuatazo ni za makadirio yanayotosha kwa jiko la nyumbani, na kikombe kilichotumika ni cha mililita 240:

Maji, chai ya rangi, siki: mara 1, kikombe ni gramu 240.
Maziwa ya ng'ombe, mtindi, maji ya limau: mara 1.03, kikombe ni karibu gramu 247.
Mafuta ya alizeti, ya mahindi, ya zeituni, na mawese yaliyoyeyuka: mara 0.92; kikombe ni karibu gramu 220.
Maziwa mazito matamu ya kopo: mara 1.3, kikombe ni karibu gramu 310.
Asali: mara 1.4, kikombe ni karibu gramu 340.

Anayetaka kurudi kutoka uzito hadi ujazo hugawanya badala ya kuzidisha. Gramu 100 za mafuta, zikigawanywa kwa 0.92, ni karibu mililita 109. Gramu 100 za asali, zikigawanywa kwa 1.4, ni karibu mililita 71 tu. Hapa ndipo panapoonekana kwamba kosa la kuchanganya mililita na gramu halina ukubwa mmoja. Katika maziwa ni dogo mno, katika mafuta ni chini ya sehemu moja kwa kumi, lakini katika asali ni karibu sehemu nne kwa kumi za kipimo.

Wakia mbili zenye jina moja

Nchini Marekani neno wakia, yaani OZ, hutumika kwa mambo mawili. Wakia ya uzito ni gramu 28 na kidogo. Wakia ya ujazo, ambayo huandikwa FL OZ, ni karibu mililita 30. Kwa maji namba hizi mbili hukaribiana, na kukaribiana huko ndiko kunakowapoteza watu.

Mfano ulio wazi ni chupa ya asali yenye maandishi NET WT 12 OZ. Maneno NET WT humaanisha kwamba wakia hizo ni za uzito, na pembeni pameandikwa gramu 340. Mpishi anayejua kwamba kikombe kimoja ni FL OZ 8 aweza kudhani kuwa chupa hiyo itajaza kikombe kimoja na nusu. Akiimimina yote, hupata kikombe kimoja tu. Chupa haikupunjwa; asali ndiyo nzito.

Njia nyepesi ya kuepuka matatizo haya ni kuacha kuzisoma wakia kabisa. Vyakula vingi vya dukani huonyesha, karibu na wakia, kipimo cha pili kwa herufi g au mL. Penye g pana uzito. Penye mL pana ujazo. Chupa ya maji ya kunywa iliyoandikwa 16.9 FL OZ, ambayo hupatikana karibu kila duka, ni mililita 500 kamili, na mbili hufanya lita moja. Inafaa kulikumbuka hilo, kwa kuwa litahitajika tena mbele.

Kaya zenye ndugu walioko Uingereza hupokea mapishi yenye painti. Painti ya Uingereza ni mililita 568, na ya Marekani ni mililita 473. Tofauti yake ni karibu mililita mia moja, ambazo zinatosha kuugeuza unga wa maandazi kuwa uji.

Chombo cha nyumbani hupimwa kwa maji

Kikombe cha kupimia cha Marekani kina karibu mililita 237, na sheria ya lebo za vyakula hukihesabu kuwa 240. Kijiko cha chakula huhesabiwa kuwa mililita 15, na cha chai mililita 5. Kikombe cha chai cha nyumbani hakimo katika sheria yoyote. Kipo kinachobeba mililita 150 na kipo kinachobeba zaidi ya 300, na vyote viwili huitwa kikombe katika mapishi ambayo bibi amemsimulia mjukuu wake kwa simu.

Haifai kumwambia mpishi aliyezoea upawa wake autupe. Inafaa aujue. Mizani ndogo ya jikoni, ya kielektroni, ile inayosoma gramu moja moja, huwekwa juu ya meza ngumu iliyo sawa, si juu ya kitambaa. Chombo kitupu huwekwa juu yake, kisha hubonyezwa kitufe kilichoandikwa TARE au ZERO hadi namba irudi sifuri. Maji humiminwa humo kwa upawa mmoja uliojaa kama kawaida ya mpishi mwenyewe. Namba ya gramu inayoonekana ndiyo mililita za upawa huo. Upawa ukionyesha 70, basi upawa mmoja wa maziwa ni karibu gramu 72, wa mafuta ni karibu gramu 64, na wa asali ni karibu gramu 98. Namba hiyo ikiandikwa kwa kalamu isiyofutika kwenye mpini, kazi imekwisha kwa miaka yote ambayo upawa huo utadumu.

Kwa njia hiyo hiyo mizani yenyewe hukaguliwa. Maji yote ya chupa ya mililita 500 yakimiminwa katika bakuli lililorudishwa sifuri, mizani nzuri itasoma karibu gramu 500. Ikisoma 460, betri ibadilishwe au mizani ibadilishwe.

Jambo moja kuhusu mizani hizi huwachanganya wengi. Nyingi zina kitufe cha kubadili kipimo, na miongoni mwa vipimo kimo ml. Mpishi hufurahi akidhani kwamba mizani sasa inapima ujazo. Sivyo. Mizani haijui ni kitu gani kimewekwa juu yake. Hudhani kuwa ni maji, na nyingine huwa na chaguo la maziwa. Anayemimina mafuta hadi mizani isome 100 ml amemimina mililita 109. Ni salama zaidi kuiacha mizani kwenye g siku zote na kufanya hesabu pembeni.

Mafuta ya kupikia

Miongoni mwa vimiminika vyote vya jikoni, mafuta ndiyo yanayostahili kupimwa kwa uzito kabla ya mengine. Sababu si ile tofauti ya 0.92. Sababu ni kwamba mafuta humiminwa kwa macho, moja kwa moja kutoka kwenye chupa, na chupa ya Marekani ni kubwa. Aliyekulia mtaani ambako mafuta ya kupima hununuliwa ya siku moja, ya kutosha mboga moja, alikuwa akipimiwa na muuza duka bila kujua kuwa anapimiwa. Chupa ya lita moja na nusu ikiwa kando ya jiko, mkono haupati wa kuuzuia.

Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, mililita 15, kina uzito wa karibu gramu 14, na gramu zote hizo ni mafuta matupu. Lebo huzihesabu kuwa kalori 120 hivi. Mpishi wa pilau anayemimina kikombe kizima ametia gramu 220, yaani karibu kalori 2,000 kabla mchele haujaingia sufuriani. Walaji wakiwa sita, kila mmoja hupata gramu 37 kwa sahani moja, bila kuhesabu nyama. Nusu kikombe hushusha fungu la kila mtu hadi gramu 18. Kwa mlaji mwenye kisukari au aliyeambiwa apunguze uzito, hatua hiyo moja huwa na faida.

Ipo namna ya kupima mafuta isiyochafua chombo chochote, na wapishi wengi wakishaijua hawaiachi. Chupa yenyewe huwekwa juu ya mizani, kisha TARE hubonyezwa. Chupa huinuliwa, mafuta humiminwa sufuriani, chupa hurudishwa. Mizani sasa husoma namba yenye alama ya kutoa mbele yake, kwa mfano –46. Hizo ndizo gramu zilizoingia sufuriani. Hakuna kijiko cha kuoshwa, wala hakuna mafuta yanayobaki yamegandamana ukutani mwa kikombe yakidhaniwa kuwa yameingia katika chakula.

Kwa vyakula vya kukaangwa ndani ya mafuta mengi, kama maandazi, sambusa na viazi, swali ni jingine: si mafuta kiasi gani yaliingia karai, bali mafuta kiasi gani yaliondoka na chakula. Karai hupimwa pamoja na mafuta yake kabla ya kuwekwa motoni, kisha hupimwa tena baada ya kazi, mafuta yakiwa yamepoa kabisa. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo iliyoliwa, pamoja na kidogo kilichorukia jikoni. Ikiwa maandazi 20 yamepunguza gramu 160, kila andazi limebeba gramu 8. Mafuta ya moto hayapandishwi kwenye mizani kwa hali yoyote. Mizani ni nyepesi na huteleza, na watoto hupenda kuja kutazama namba.

Tui, mawese na samli

Tui la nazi halina namba moja. Tui zito la kwanza, liitwalo kasimile, lina mafuta mengi, na tui la pili na la tatu huelekea maji. Tui la kopo lina uzito wa karibu na maji au pungufu kidogo, na kopo la kawaida la 13.5 FL OZ ni mililita 400. Kupima kwa uzito huhesabu ni tui kiasi gani limeingia, lakini hakumwambii mpishi mafuta yaliyomo. Kwa hilo lebo haina mbadala: mstari wa Saturated Fat huonyesha gramu za mafuta yanayoganda, yale ambayo daktari wa moyo huyasemea, kwa kila fungu lililotajwa juu ya lebo. Fungu hilo mara nyingi ni theluthi moja ya kikombe, mililita 80, na kopo zima lina mafungu matano. Kaya inayopika kopo mbili katika mchuzi mmoja izidishe mstari huo kwa kumi, kisha igawanye kwa walaji.

Kopo lililokaa rafuni wakati wa baridi hujitenga, mafuta juu na maji chini. Anayechota nusu ya juu hupata mafuta karibu yote. Anayemimina nusu ya chini hupata maji ya nazi meupe. Kopo litikiswe vizuri au lifunguliwe na kukorogwa lote kabla ya kupimwa.

Mawese ambayo jamaa kutoka Kongo na Burundi huyapikia sombe na maharagwe, samli, na mafuta ya nazi, vyote huganda katika nyumba yenye baridi. Mafuta ya nazi huanza kuganda yakishuka chini ya nyuzi joto 24 hivi. Yakiwa yameganda, hayapimiki kwa kikombe kwa uhakika, kwa sababu hubaki na mashimo ya hewa au hurundikwa juu ya ukingo. Kwenye mizani hayana tatizo lolote. Gramu 50 zilizoganda ni gramu 50 zilizoyeyuka, na mpishi haitaji kuziyeyusha ili azijue.

Gramu za kimiminika na gramu zilizomo ndani yake

Mtego ulio mkubwa kuliko yote hauko katika namba 0.92 wala 1.4. Uko katika neno gramu lenyewe, ambalo kwenye karatasi ya kliniki na kwenye lebo huwa na maana mbili. Mara husema uzito wa chakula chote, mara husema uzito wa kitu kimoja kilichomo ndani ya chakula hicho.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini huambiwa kwamba sukari ya damu ikishuka chini ya 70, apate gramu 15 za wanga unaofanya kazi haraka, asubiri dakika 15, kisha apime tena. Kwa watoto wadogo kipimo huwa kidogo zaidi, na daktari hukitaja. Nyumbani kuna mizani mpya, na mke au mtoto mwenye nia njema huweka bilauri juu yake, akamimina juisi ya machungwa hadi isome gramu 15. Hicho ni kijiko kimoja cha chakula. Ndani yake hamna hata gramu 2 za sukari, na mgonjwa anayetetemeka na kutoka jasho hatasaidika. Gramu 15 za wanga zimo katika nusu kikombe cha juisi, yaani mililita 120, ambazo mizani ingezisoma kuwa karibu gramu 125. Kijiko kimoja cha chakula kilichojaa sukari au asali nacho hutosha. Kaya yenye mgonjwa wa namna hii ifanye jambo moja leo, kabla ya siku ya taharuki: ipime mililita 120 katika bilauri moja ya nyumbani, iweke alama ya rangi mahali juisi ilipofika, na bilauri hiyo ijulikane na wote, hata mtoto wa darasa la kwanza. Mgonjwa aliyepoteza fahamu au asiyeweza kumeza hapewi kitu chochote kinywani. Hupigiwa simu 911.

Asali huhitaji uangalifu kwa upande wa pili, pale mgonjwa anapotakiwa kupunguza. Kijiko cha chakula ni mililita 15, lakini asali iliyomo ina uzito wa gramu 21, na karibu gramu 17 kati ya hizo ni sukari. Anayeandika gramu 15 katika daftari lake kwa sababu kijiko ni cha 15 amejipunja hesabu kila asubuhi. Na ingawa si jambo la vipimo, mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapewi asali hata ya kulambishwa, kwa hofu ya sumu ya botulizimu.

Mgonjwa wa figo na maji ya siku

Kwa mgonjwa wa figo aliyewekewa kiasi cha maji kwa siku, mizani huwa rafiki wa kweli, maana vitu vingi anavyokunywa hufuata maji. Chai, supu, maziwa na uji mwepesi vinaweza kupimwa kwa gramu na kuandikwa kama mililita bila kosa la kumdhuru. Birika moja hujazwa asubuhi kwa kiasi chote alichoruhusiwa, na kila akinywa kitu kingine, kiasi hicho hicho hupunguzwa birikani. Akilitazama birika saa kumi jioni, ajua kilichobaki.

Barafu huwadanganya watu. Kikombe kilichojaa vipande vya barafu kikiyeyuka hutoa karibu nusu kikombe cha maji, kwa sababu ya mianya iliyopo kati ya vipande na kwa kuwa maji yakiganda hupanuka. Kwenye mizani hakuna la kukisia: gramu 100 za barafu huwa mililita 100 za maji. Ni vivyo hivyo kwa mizani ya kusimama. Mgonjwa akiongezeka kilo moja kati ya jana na leo, karibu kilo yote hiyo ni lita moja ya maji iliyobaki mwilini, si chakula, na ni habari ya kuwapigia simu wauguzi wa figo.

Mahali ambapo hesabu hizi zisitumike

Maziwa ya unga ya mtoto mchanga hayabadilishwi kutoka ujazo hadi uzito nyumbani. Maji hupimwa kwanza, kwa alama za chupa ya mtoto, chupa ikiwa imesimama mezani na macho yakiwa usawa wa alama. Unga huongezwa baadaye, kwa kijiko kilichomo ndani ya kopo lile lile, kikiwa kimesawazishwa. Anayetia unga kwanza kisha akajaza maji hadi alama huweka maji machache kuliko inavyotakiwa, kwa sababu unga umekwisha kuchukua nafasi. Makopo mengi ya Marekani huhitaji kijiko kimoja kwa kila mililita 60 za maji, ilhali mengi ya Uingereza huhitaji kijiko kimoja kwa kila mililita 30. Vijiko havilingani kwa ukubwa, na mama aliyehama na kopo lake, au aliyetumiwa kopo na ndugu, asome maagizo ya kopo hilo lenyewe na asitumie kijiko cha lingine. Kuongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi hushusha chumvi katika damu ya mtoto, naye aweza kupata degedege. Ikiwa maziwa yanaisha kabla ya fedha, kliniki iambiwe. Hilo ni swali la kawaida kwao na halina aibu.

Dawa ya maji nayo haipimwi kwa mizani wala kwa kijiko cha jikoni. Hupimwa kwa bomba dogo lenye alama za mL litolewalo na duka la dawa. Herufi mg zilizoandikwa kwenye chupa ni kiasi cha dawa iliyomo, si cha maji yanayoibeba, na huo ni mtego ule ule wa gramu 15 za juisi, wenye hatari kubwa zaidi.

Pakiti za chumvi na sukari za kuzuia upungufu wa maji mwilini ziko katikati. Ile iliyoandikwa lita moja huhitaji lita moja, na robo galoni ya Marekani, iliyoandikwa QT, haitimizi lita. Ina mililita 946. Chupa mbili za maji za 16.9 FL OZ hutimiza. Asiye nazo huweka jagi safi juu ya mizani, hulirudisha sifuri, na kumimina maji salama hadi gramu 1,000. Zipo pakiti ndogo zinazohitaji mililita 200 pekee, hivyo maandishi husomwa kabla ya kufungua.

Mtaalamu wa lishe akitoa karatasi yenye gramu, familia iende na namba zake: upawa wetu ni mililita ngapi, chupa ya mafuta hudumu siku ngapi kwa watu wangapi, mchuzi wa nazi huingia kopo ngapi. Kwa namba hizo ataweza kuiandika karatasi upya kwa vyombo vya nyumba hiyo. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zina wajibu wa kumleta mkalimani wa Kiswahili bila malipo, ana kwa ana au kwa simu, na ombi hilo hutolewa wakati wa kupanga miadi.